Msamaha wa Mwenyekiti

Jumamosi, tarehe 12 Oktoba 2024. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umelijaza bonde lote la Nyabiyonza, na manyunyu yalikuwa yakidondoka juu ya migomba tangu kabla ya jogoo la kwanza. Hapakuwa na upepo. Moshi ulitoka jikoni ukakaa uani, hauendi huku wala kule.

Desderius alipiga magoti kando ya kitanda, kama alivyofanya kila asubuhi tangu alipopata kipaimara. Aliwaombea watoto wake, akamwombea mchungaji, akawaombea wagonjwa wa mtaa kwa majina, kisha wenzake aliosoma nao shule ya msingi, nao pia kwa majina. Alipofika kwa Kato, akamruka. Alikuwa akimruka hivyo tangu kiangazi, kama mtu anavyoruka dimbwi njiani, na kila aliporuka alijua kwamba ameruka, na alijua kwamba Mungu naye ameona.

Mkewe, Mackrine, alikuwa jikoni akimenya ndizi. Hakuinua kichwa.

"Chai yako hiyo hapo, Baba Tumusiime."

"Asante."

"Leo ndiyo Kato anakuja kuomba radhi?"

"Ndivyo alivyosema kwenye simu."

"Na wewe ndiye utakayempokea."

"Mimi ndiye mwenyekiti. Nifanyeje, nijifiche?"

Mackrine akatumbukiza ndizi kwenye sufuria ya maji. "Mimi sikusoma na nyinyi. Mambo ya darasa lenu siyajui. Ninachojua ni kwamba nyuma ya jiko langu kuna mgomba umeukata ukaufunika nyasi kama kaburi, na kila mgeni akija unamkalisha upande wa mbele."

Desderius alikunywa chai yake akiwa amesimama, akachukua mwavuli, akashika njia ya shuleni.

Jambo lenyewe lilianza zamani, na lilianza vizuri. Enzi hizo Kyerwa ilikuwa bado sehemu ya Karagwe, na shule yao ilikuwa na mwalimu wa kilimo aliyeitwa Cleophace, mtu mrefu, mkali kwa jembe na mpole kwa mtoto. Mwalimu Cleophace alikuwa na desturi yake. Darasa la saba lilipomaliza mtihani lilipanda mstari wake wa migomba katika shamba la shule, na ndizi za mstari huo zikawa chakula cha mchana cha watoto waliobaki nyuma. Kisha kila aliyemaliza alipewa mche mmoja kutoka shina lililokuwa jirani na ofisi, akaupande nyuma ya jiko la kwao.

"Cheti mtakipoteza," alikuwa akiwaambia. "Mgomba utazaa mtoto, na mtoto atazaa mtoto. Mkikutana uzeeni msiulizane mali. Ulizaneni: mgomba wako hujambo?"

Na kweli waliulizana hivyo. Walifika utu uzima, mwalimu mwenyewe alikwisha kuzikwa, na bado mtu wa darasa lile akikutana na mwenzake mnadani au hospitalini, kabla ya habari za watoto alisema, "Mgomba wako hujambo?" Mgomba wa mmoja ukiangushwa na upepo au kuliwa na mbuzi, mwingine alimpelekea mche. Kukiwa na msiba, walikwenda kwa marehemu na mikungu iliyotoka kwenye mashina hayo. Na kila mvua zilipoanza walirudi shuleni, kila mtu na panga lake au muhoro wake, ule wenye ncha iliyopinda, wakapogoa mstari wao na kuutandazia nyasi. Waliokuwa hawajui kuandika barua nzuri, na waliokuwa na digrii, wote waliinama pamoja katika mstari ule.

Kisha ukaja mnyauko, ambao wengine huuita unyanjano. Majani yanakuwa manjano na kulegea kama yaliyomwagiwa maji ya moto, ndizi zinaiva kabla ya wakati wake, na ukizikata unakuta ndani wekundu kama kutu. Hauna dawa. Unasafiri kwa mche, na unasafiri kwa makali: ukikata mgomba mgonjwa kisha ukakata mzima kwa panga lile lile, umeupanda ugonjwa kwa mkono wako. Kinga ni kupitisha panga motoni mpaka liwe halishikiki.

Desderius ndiye aliyekwenda kwenye semina ya bwana shamba, na ndiye aliyewafundisha wenzake. Aliweka sheria kwamba makali yoyote hayaingii shamba la shule kabla ya kupita motoni pale getini. "Hata panga la askofu," alikuwa akisema, na watu walicheka na kupanga foleni. Kibanja chake mwenyewe, shamba la migomba lililozunguka nyumba, kilikuwa safi kama uwanja wa kanisa. Wageni kutoka Bugene na hata Kayanga waliletwa kukitazama. Darasa likamfanya mwenyekiti, na usharika ukamfanya mzee wa kanisa, na yeye akaanza kutembea taratibu zaidi kidogo kuliko zamani.

Mwaka huu, mwezi wa pili, jua lilikaza. Desderius aliona jani moja la mgomba wake, ule wa Mwalimu Cleophace, limegeuka manjano. Akajiambia ni jua. Likafuata la pili, nalo shingo imelegea. Akajiambia ni jua. Mtu aliyewafundisha wengine kuutambua mnyauko kwa jani moja tu alisimama nyuma ya jiko lake akatazama majani mawili, na akasema ni jua. Angesema vingine, bwana shamba angeitwa, shina lingeng'olewa mchana watu wakitazama, na wageni wa Bugene wangesikia.

Siku zile zile Kato akampigia simu kutoka Kimuli, upande wa Kyerwa. Kato alikuwa mtoto wa wafugaji. Shuleni alikaa kwa mjomba wake, na kwa kuwa alinukia samli na kila siku alikuja na maziwa ndani ya kibuyu, walimbandika jina la Maziwa. Migomba aliijua kwa shida, lakini mgomba wa shule aliutunza kama ndama. Sasa ng'ombe walikuwa wamevunja ua na kuukanyaga, naye aliomba mche mwingine.

Desderius angeweza kumwambia aombe kwa Jenifa, katibu wa darasa. Hakumwambia. Kwa kawaida mwenyekiti ndiye aliyetoa miche, na mwenyekiti aliyekataa kutoa mche angeulizwa sababu.

Mvua za masika zilipoanza, siku ya kazi shuleni ikafika. Alfajiri Desderius alichimba mche kwenye shina lile lile, akaukata mizizi kwa muhoro wake, akaupangusa muhoro kwenye nyasi, akautia mche ndani ya gunia na kuondoka. Shuleni mvua ilikuwa ikinyesha. Kuni za pale getini zilikuwa zimelowa, zinatoa moshi bila moto. Watu walisimama wakitetemeka, na kwa desturi hakuna aliyeweza kuanza kabla mwenyekiti hajakata jani la kwanza na kuomba.

"Mwenyekiti, fungua kazi bwana, moto utawaka tu," mtu mmoja alisema.

Desderius akaingia, akakata jani la mgomba wa kwanza katika mstari, akaomba. Mkono ulipokwisha kuonja kazi, akakata majani mengine mawili matatu. Baadaye moto ukawaka. Wote wakapanga foleni, na yeye akasimama kando ya moto akikagua mapanga ya wenzake, moja baada ya jingine, muhoro wake ukiwa kwapani. Hakuna aliyemwuliza. Nani angemwuliza?

Kato alichelewa, maana bodaboda aliyopanda ilipata pancha njiani. Alipofika, watu walikuwa wameshainama kazini. Alipitisha panga lake motoni peke yake, akaungana nao. Jioni alifunga ule mche nyuma ya pikipiki akaondoka akiimba.

Mwezi wa saba mstari wa shule ulianza kufa, kuanzia mgomba wa kwanza. Bwana shamba akaamuru wote ung'olewe. Watoto wakarudi kwenye uji mtupu mchana. Kwenye kundi la simu la darasa, Jenifa akauliza ni nani siku ile hakupita motoni. Mmoja akakumbuka kwamba Kato alichelewa. Jenifa akaandika kwamba mtu wa ng'ombe atajuaje uchungu wa mgomba. Kato akajibu, "Nilipitisha, jamani." Hakuna aliyemjibu. Wote walikuwa wakingoja neno la mwenyekiti, na mwenyekiti, akiwa amekaa uani kwake, aliandika neno moja tu: "Tuombe." Wenzake wakaitikia amina, mmoja baada ya mwingine, mpaka simu ikachoka kulia.

Mwezi wa tisa Kato akampigia. Sauti yake ilikuwa chini.

"Mwenyekiti, walisema kweli. Ugonjwa uko kwangu. Mche wako mzuri umekauka, na mingine miwili jirani yake. Basi ugonjwa ulikuwa kwenye kibanja changu siku zote bila mimi kujua, na panga langu ndilo lililoupeleka shuleni. Nitakuja mbele ya darasa niombe radhi."

Na Desderius alijibu, "Njoo tu, ndugu yangu. Sisi ni watu wa kusameheana."

Neno hilo ndilo lililokuwa likimtafuna alipokuwa akipanda kilima cha shule na mwavuli wake.

Darasani, wenzake walikuwa wameshajibana kwenye madawati ya watoto. Watu wazima wenye mvi na matumbo walikuwa wamekaa magoti yakigusa kidevu.

"Dawati hili lilikuwa langu," alisema Jovitus, dereva wa lori, akihangaika kuingiza mguu.

"Lilikuwa lako ulipokuwa na kiuno," Jenifa akamjibu. Jenifa alikuwa na duka la nguo Bugene, na ulimi wake haukupata kulala tangu darasa la tatu. "Mwenyekiti, shikamoo ya uongozi."

"Marahaba. Bwana asifiwe."

"Amina," wakaitikia wote.

"Mgomba wako hujambo, mwenyekiti?" Jovitus akauliza kwa furaha.

"Tunamshukuru Mungu," Desderius akasema, akaenda kukaa mbele. Dirishani aliona mahali ulipokuwa mstari wao. Palikuwa na udongo mtupu na maji ya mvua ndani ya mashimo.

Gari dogo, kirikuu, lilisikika likiunguruma kupanda mlima. Lilikuwa limejaa samadi mpaka juu, na Kato alikuwa amekaa mbele na dereva, kofia magotini.

"Maziwa huyo amefika," mtu akanong'ona.

"Leo amekuja na upande wa pili wa ng'ombe," akasema Jovitus, na watu wakacheka wakiziba midomo.

Kato aliingia. Alikuwa mwembamba kuliko walivyomkumbuka. Aliamkia, hakukaa. Alikwenda mpaka mbele, mahali ambapo zamani walikuwa wakisimamishwa waliochelewa, akapiga magoti kwenye sakafu.

"Inuka, Kato, utachafua suruali," alisema Jenifa. Sauti yake haikuwa ile ya kwenye simu.

"Nikiinuka sasa nitakuwa sijaomba, dada yangu. Niache niombe kwanza." Akaweka kofia chini. "Nyinyi mnanijua. Nilikuja shule hii sijui hata jembe linashikwa upande gani. Desderius huyu alinicheka, halafu akanifundisha kuchimba shimo. Kwetu wananiuliza, wewe mwenye ng'ombe unakwenda kulima Nyabiyonza, huna kazi? Nawaambia kule ndiko kwa ndugu zangu. Sasa ndugu zangu nimewaletea maradhi. Niliandika kwamba nilipitisha panga motoni. Nililipitisha, lakini nilikuwa na haraka, nadhani nililitoa halijashika moto sawasawa. Watoto wanakunywa uji kwa ajili yangu. Nimeleta samadi, udongo upate nguvu, siku mkiruhusiwa kupanda tena. Mkitaka nisije tena na panga, nitakuja kubeba nyasi. Mkitaka nisije kabisa, nitasikitika, lakini nitaelewa."

Jenifa alikuwa akitazama mikono yake. Wote wakageuka kumtazama mwenyekiti.

Desderius akasimama. Aliona mlango uko wazi, aliona kabisa kwamba hapa ndipo pa kusema, na akasikia sauti yake, ile nzuri ya kusomea matangazo kanisani, ikitoka bila kukwama hata kidogo.

"Ndugu Kato, kukosea ni kwa kila mwanadamu. Kwa niaba ya darasa zima, tumekusamehe."

Makofi yakapigwa. Desderius akayasikia kama mvua juu ya bati la nyumba ya mtu mwingine. Kilichomtisha ni jinsi ilivyokuwa rahisi. Alikuwa amedhani kwamba uongo wa namna ile ungemkaba, na haukumkaba. Ulipita kooni laini kama uji.

Kato hakuinuka. Alikuwa akitokwa na machozi bila kuyafuta, na uso wake ulikuwa umefunguka kama wa mtoto aliyeambiwa arudi darasani.

"Asanteni. Mungu awabariki," alisema. "Sasa, mzee wa kanisa, niwekee mkono uniombee. Tangu mwezi wa saba sijaweza kuomba vizuri. Nikianza naona huu mstari."

Desderius akashuka kwenye jukwaa dogo la mwalimu. Akaweka mkono juu ya kichwa cha Kato. Nywele zilikuwa zimelowa manyunyu, na bado zilinukia samli, ile ile ya miaka yote. Watu wakainamisha vichwa.

"Ee Mungu Baba," akaanza.

Akauweka mkono vizuri zaidi.

"Ee Mungu Baba," akasema tena, "mbele yako yuko mtumishi wako Kato, ambaye..."

Na hapo ndipo palipomshinda. Kwa watu alikuwa ameweza. Lakini sasa alikuwa amefumba macho, na aliyekuwa akimwambia hakuwa Jenifa wala Jovitus, na neno lililofuata lilipaswa kuwa dhambi ya Kato. Alilitafuta, akaliona, hakuweza kulitamka.

"Amina," mtu mmoja nyuma alisema kwa upole, akidhani mzee ameguswa na Roho.

"Bado," alisema Desderius. Akauondoa mkono. "Siwezi kumwombea huyu."

Vichwa vikainuka. Jenifa akakunja uso. "Huwezi nini, mwenyekiti? Tumeshamsamehe."

"Hakuna cha kumsamehe. Si yeye." Alijaribu kuitafuta ile sauti ya matangazo, haikuwepo. Iliyotoka ilikuwa nyembamba, ya mtu asiyemjua. "Siku ile muhoro wangu haukupita motoni. Niliwakagua wote nikiwa nao kwapani. Nyumbani kwangu mgomba wa mwalimu ulikuwa unaumwa tangu mwezi wa pili. Nilijua. Nilikuwa nikijiambia sijui, lakini nilijua. Asubuhi ile nilitoka kuukata, nikaja nikawafungulia kazi."

Kato alikuwa bado kwenye magoti. Alimtazama kutoka chini. "Na mche?" akauliza.

"Ulitoka kwenye shina hilo hilo."

"Mche wangu."

"Ndiyo. Wako."

Manyunyu yalisikika juu ya bati. Jovitus akasema polepole, kama mtu anayesoma maandishi yaliyofutika, "Hata panga la askofu." Hakuna aliyecheka.

"Mimi nilimwita mtu wa ng'ombe," alisema Jenifa. Alikuwa amesimama. "Kwenye simu, watu wote wakisoma, mpaka walioko Mwanza na Dodoma. Na wewe ukaandika tuombe."

"Ndiyo, Jenifa."

"Na mimi nikaitikia amina."

"Ndiyo."

"Waitu, jamani, umenitia aibu ambayo haikuwa yangu." Akakaa chini kwa kishindo, akageuzia uso ukutani.

Desderius alisimama pale mbele ya ubao, mikono haina pa kukaa. Alikuwa amewahi kufikiri kwamba siku akisema, mzigo ungetua. Haukutua. Kila uso aliotazama ulikuwa ukipiga hesabu ya mambo aliyopata kuyasema na kuyafanya mbele yao: mahubiri ya moto, safari za wageni, maombi ya magotini. Aliona wanavyoyatoa moja moja na kuyatazama upya, naye hakuwa na haki ya kuwazuia. Aliona pia kwamba hata sasa alikuwa akisubiri mtu amwambie amefanya vizuri kusema. Akaona aibu ya hilo nalo.

Kato akainuka. Alipangusa magoti yake kwa muda mrefu, moja, halafu jingine. Hakupaza sauti.

"Kwa hiyo sikuleta mimi."

"Hukuleta wewe."

"Mke wangu aliniambia." Aliokota kofia yake, akaizungusha mikononi. "Katusiime ndiye aliyeuona kwanza. Akasema, huu mche umekuja na maradhi yake, tazama, ndio ulioanza. Nikamwambia afunge mdomo. Nikamwambia yule ni mzee wa kanisa, hawezi kutoa mche mgonjwa, labda wewe hukumwagilia. Nilimwambia hivyo mbele ya mama yangu. Mama naye akaongeza lake, kwamba mwanamke huyu hajui mgomba wala ng'ombe. Watoto walikuwa wamekaa pale pale wanakula."

"Kato, ndugu yangu, nisamehe."

"Hilo lisubiri," alisema Kato. "Mimi mwenyewe nimetoka kusamehewa sasa hivi, bado sijazoea."

Jovitus akakohoa. Mtu mmoja nyuma alicheka kidogo bila kupenda, akaacha.

"Uenyekiti je?" mwingine akauliza.

"Uenyekiti hauna haraka," alisema Jenifa, bado akitazama ukuta. "Bwana shamba ndiye aanze. Mpigie hapa hapa, tusikie."

Desderius alitoa simu, akapiga mbele yao. Alilitaja jina lake, akautaja mgomba, akasema tangu lini. Bwana shamba akasema atafika kesho baada ya ibada na watu wa kung'oa, na kwamba mzee asiguse kitu.

"Na mimi sirudi hivi hivi Kimuli," alisema Kato. Sasa kulikuwa na ukali ndani ya sauti, kidogo, kama wa mtu asiyeuzoea. "Nikirudi nikasema ni wewe, mama atasema nimejitungia ili nimpatanishe na mke wangu. Na Katusiime, tangu siku ile, ananiwekea chakula mbele yangu akiwa ametazama pembeni. Ugomvi hana. Ila haniangalii. Mgomba utapata mwingine, darasa litapata mwenyekiti mwingine. Mimi nirudi nikamwambie nini mwanamke yule?"

"Nitakwenda mimi," alisema Desderius.

"Utakwenda wapi?" Jenifa akageuka. "Sema vizuri. Maneno yako ya nusu nusu tumeyaitikia amina vya kutosha. Simama wima, useme mbele yetu wote, tuwe mashahidi, na usiombe. Sema tu."

Desderius akasimama wima. Alitamani kufumba macho, akayaacha wazi, akamtazama Kato.

"Mimi, Desderius, naahidi mbele ya Mungu na mbele yenu nyote mnaonisikia. Jumatatu asubuhi nitakwenda Kimuli, nyumbani kwa Kato. Nitamwomba mama yake atoke nje, na watoto wake watoke, wakae. Nitamwambia Katusiime mbele yao kwamba yeye ndiye aliyesema kweli, kwamba mche ulitoka kwangu ukiwa mgonjwa nami nikijua, na kwamba mumewe alimkaripia kwa ajili ya heshima niliyokuwa sistahili. Sitamtuma mtu, wala sitamwandikia. Akinifukuza nitaondoka, na nitarudi tena mpaka anisikilize. Jenifa, Jovitus, nanyi nawaomba mje, mnisikie nikisema."